Kila Jani Lina Deni Lake

Msikilizaji, huenda uko Litein, huenda Londiani, huenda Mogogosiek, na saa hii umetua kikapu na kujibanza chini ya mabati ukingoja mvua ipite. Mazungumzo ya leo nimewaandikia hasa wanafunzi wa sekondari msingi, Gredi ya Saba hadi ya Tisa. Lakini mzazi, usiondoke redioni. Mtoto akirudi nyumbani na daftari la sayansi lenye neno "ikolojia" kwenye ukurasa wa kwanza, nani atamweleza kama si wewe uliyechuma chai miaka ishirini?

Neno lenyewe lisikutishe. Lilibuniwa mwaka 1866 na mwanasayansi Mjerumani, Ernst Haeckel, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Ikolojia basi ni elimu ya nyumba: nani anaishi humo, nani anapika, nani anakula, nani anafagia, na nani anamdai nani. Hilo la mwisho, la kudaiana, ndilo nitakalolishika leo. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Anayeielewa methali hiyo vizuri ana nusu ya ikolojia mkononi.

Mwanafunzi, simama mlangoni uangalie nje. Unaona nini? Utanijibu: chai. Chai hadi ukingo wa macho, imepunguzwa sawasawa kama zulia, na hapa na pale mgrevilea umesimama kama mlinzi. Ukiishia hapo umeona kitu kimoja tu. Tuingie ndani ya nyumba yenyewe, chumba baada ya chumba.

Tuanze na kuta. Wanasayansi huziita vitu visivyo hai: mwanga, joto, maji, hewa, udongo, mwinuko wa ardhi. Hazipumui, lakini ndizo zinazoamua nani atakaa humu na nani atafukuzwa. Mji wa Kericho uko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, tena imegawanyika vizuri katika miezi yote. Udongo wetu ni mwekundu, wa kina kirefu, na una tindikali. Mahindi hayaipendi tindikali hiyo ikizidi, bali chai huitaka. Mti wa chai ulizaliwa mbali sana, huko Asia, lakini ulipofikishwa hapa na kuanza kupandwa kwa mashamba makubwa miaka ya 1920, ulikuta kuta za nyumba hii zinafanana na za kwao. Ndiyo maana ukastawi. Upeleke mche huohuo Garissa, hata ukiulilia hautaishi.

Na usidhani kuta ziko kimya huku vitu hai vikifanya mambo yake. Vinagusana. Chukua mvua ya mawe, ambayo kila mkulima wa hapa anaijua kwa uchungu. Nyanda hizi za Kericho na Nandi zinahesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Kwa nini hapa? Sababu moja iko wazi: hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, hupanda milima, na ifikapo alasiri huwa imefika juu kwenye baridi kali. Lakini mwaka 1982 watafiti walichapisha jambo la kushangaza. Tone la maji mawinguni huhitaji chembe ya kushikilia ndipo ligande kuwa barafu. Watafiti hao waligundua kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka ni chembe nzuri mno kwa kazi hiyo, na wakasema huenda miguu ya wachumaji ndiyo inayolitimua likapanda na hewa. Hebu fikiria: jani linaanguka, wadudu na vijidudu wanalivunjavunja, mchumaji anapita, vumbi linapanda, na alasiri linarudi limebeba jiwe la barafu. Kilicho hai na kisicho hai vimeshikana mikono hadi mawinguni.

Sasa twende jikoni. Katika nyumba hii mpishi ni mmoja tu: mmea. Jani la chai huchukua mwanga wa jua, maji kutoka mizizini, na hewa ya kaboni dioksidi, likapika sukari. Kwa hiyo mimea huitwa wazalishaji. Wengine wote, kuanzia utitiri mwekundu unaofyonza jani hadi wewe na mimi, ni walaji.

Na chakula cha mpishi huyu hakifiki mezani kizima. Tutumie mfano wa boma. Chukulia nyasi za malisho yako zimehifadhi vipimo 1,000 vya nguvu ya jua. Ng'ombe akizila zote, vitakavyokaa mwilini mwake ni kama 100 tu. Vingine amevitumia kutembea, kupumua na kupata joto, na vingine vimetoka kwenye samadi. Anayemla ng'ombe naye atabaki na kama 10. Kwa makadirio, kila hatua huvusha sehemu moja kati ya kumi. Nenda sasa kwenye msitu wa Mau. Majani hayana hesabu. Mbega wanaoyala utawaona kwa makundi, wamevaa mashuka yao meusi na meupe. Lakini tai mkubwa mwenye kishungi, yule anayewinda mbega, unaweza kukaa mwezi mzima bila kumwona. Uchache wake ni hesabu ya chakula. Tai mmoja anabebwa na mbega wengi, na mbega wengi wanabebwa na miti mingi kupita kiasi. Ukikata miti, njaa itapanda hadi kwa yule aliye kileleni.

Mpishi naye hajakaa tu kungoja kuliwa. Ile kafeini inayokuamsha asubuhi, na ule ukakasi wa chai ulimini, mmea haukutengeneza kwa ajili yetu. Ni silaha zake dhidi ya wadudu. Mdudu anayetafuna jani lenye kafeini nyingi hudhoofika. Sisi tumekunywa silaha ya mmea tukaiita kiburudisho. Kila kiumbe unachokiona kimefika hapa baada ya mapambano marefu na majirani zake, na alama za mapambano hayo zimo ndani ya mwili wake, hata ndani ya kikombe chako.

Mwanafunzi, kama una kalamu, andika mstari huu mmoja, maana mtihani wowote wa ikolojia utauzunguka: nguvu hupita, rutuba huzunguka. Nguvu ya jua huingia kwa mmea, hupita kwa walaji, mwishowe hutoka kama joto. Hairudi, lakini si hoja, kwa sababu kesho jua litachomoza tena. Rutuba si hivyo. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizo kwenye udongo wa Bureti haziletwi na jua. Haziongezwi upya kila asubuhi. Lazima zizunguke: kutoka udongoni hadi kwenye jani, kutoka kwenye jani hadi udongoni tena.

Msituni mzunguko huo hujiendesha. Jani la msitu huanguka chini ya mti uleule uliolizaa, likaoza, likalipwa pale lilipokopwa. Angalia sasa chai. Kila baada ya wiki moja au mbili tunapita tukichuma majani mawili na kichipukizi. Tunayapeleka kwenye kituo cha kununulia majani, lori linayabeba hadi kiwandani, na kilo nne na zaidi za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai kavu. Inashuka Mombasa kwenye mnada, inapanda meli, inakwenda Pakistan, Misri na Uingereza. Ndani ya kikombe kinachonywewa Karachi mna kitu cha udongo wetu. Hakitarudi. Jani limekopwa Konoin, na mkopaji amevuka bahari.

Ndiyo sababu mzazi wako hununua mbolea. Umewahi kuzitazama zile tarakimu kwenye gunia, 26:5:5? Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za mbolea hiyo, 26 ni nitrojeni, na tarakimu nyingine mbili zinapima fosforasi na potasiamu. Nitrojeni imezidi kwa sababu zao letu ni jani, na jani ndilo linaloila zaidi. Gunia lile ni malipo ya deni. Lakini lipa kwa kipimo. Ukimwaga kupita kiasi, mimea haiwezi kuchukua yote. Inayobaki huongeza tindikali kwenye udongo hadi ikawa kero hata kwa chai yenyewe, na nyingine hukokotwa na mvua hadi mtoni.

Kuna malipo mengine ambayo hayahitaji pesa. Chai inapokatwa ili ichipuke upya, kila miaka mitatu hadi mitano, matawi na majani huanguka kwa wingi. Najua kuni ni shida, na najua jinsi mkono unavyowasha kuyabeba matawi yale jikoni. Lakini yaache shambani, msikilizaji, angalau yale membamba na majani yote. Hiyo ni mbolea ambayo mti umejitengenezea.

Nani atayageuza kuwa rutuba? Hapa ndipo tunapokutana na wafanyakazi wasioonekana: bakteria, kuvu, minyoo, mchwa, jongoo. Kwenye vitabu wanaitwa waozeshaji. Watoto wengi huchukia kuoza, wakidhani ni uchafu. Nataka nikupeleke nyumbani kwa kogo, nyanya yako. Anasafisha kibuyu, sotet, anakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, anatia maziwa, anafunika, anakiweka pembeni siku kadhaa. Maziwa yanageuka mursik. Nani ameyageuza? Bakteria. Wamekula sukari ya maziwa wakatoa tindikali, na tindikali hiyo ikazuia vijidudu wabaya. Kogo amekuwa akifuga viumbe asiowaona kwa macho, kwa ustadi aliourithi kwa mama yake. Basi mwanafunzi, kazi kama ile ya kibuyuni inaendelea usiku na mchana chini ya nyayo zako. Konzi moja ya udongo wenye afya ina vijidudu wengi kuliko watu wote wa dunia. Bila wao tungekuwa tumezikwa chini ya majani makavu na mizoga, na udongo ungekuwa mtupu.

Lakini si kila mkazi wa chini ni rafiki. Nitakueleza kisa ambacho wakulima wa zamani wanakijua, na kwangu ndicho kinachoeleza ikolojia ya Kericho vizuri kuliko vyote. Sehemu kubwa ya mashamba haya ilikuwa msitu. Wapandaji wa kwanza walipokata miti na kupanda chai, baadhi ya vichaka vilianza kukauka bila sababu kuonekana. Walipochimba wakakuta mizizi imeshikwa na utando mweupe. Ni kuvu anayeitwa Armillaria. Msituni alikuwa amekaa miaka yote kwenye mizizi ya miti, akila mizizi iliyodhoofika na visiki, bila kuleta maangamizi. Mti ulipokatwa, kisiki kikabaki udongoni kimejaa wanga, na kuvu akapata karamu. Akashiba, akapata nguvu, akavuka hadi kwenye mizizi michanga ya chai iliyopandwa jirani.

Dawa iliyopatikana haikuwa sumu. Ilikuwa subira. Badala ya kuangusha mti mara moja, walijifunza kuuchuna gamba kuuzunguka shina lote, kisha wakauacha umesimama. Sukari inayopikwa majanini hushukia mizizini kwa njia ya gamba. Gamba likikatwa, mizizi haipati kitu, bali huendelea kutumia akiba yake hadi iishe. Mti ukifa, mizizi yake ni mitupu, na kuvu hakuti cha kula. Ndipo unaangushwa, ndipo chai inapandwa. Maarifa hayo hayakutoka kwa mtu anayeona mti mmoja na ugonjwa mmoja. Yalitoka kwa mtu aliyeuliza: huyu anakula nini, na chakula chake kinatoka wapi? Swali hilo, mwanafunzi, ndilo ufunguo wa ikolojia yote.

Na kisa hicho kinatukumbusha chai imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya msitu uliokwisha kukatwa, na inaishi kwa mvua na maji ya msitu uliobaki. Msitu wa Mau, unaotuangalia kutoka mashariki, ulikadiriwa kuwa na hekta 400,000 hivi, na ndio mkubwa kuliko minara mingine yote ya maji, yaani misitu ya milimani inayolisha mito, nchini Kenya. Miti yake hunyonya maji udongoni na kuyatoa hewani kwa majani, unyevu huo ukarudi kama mvua. Sakafu yake ya majani yaliyooza hupokea dhoruba kama sifongo, ikaachilia maji kidogo kidogo hadi miezi ya kiangazi.

Fuata maji hayo. Mito ya Itare, Kiptiget na Kipsonoi inakutana ikawa mto Sondu. Huko chini maji yake yanazungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu yenye uwezo wa megawati 60, kisha yanaingia Ziwa Victoria. Upande wa pili, mto Nyangores unapita mjini Bomet, unaungana na Amala, na hapo unazaliwa mto Mara. Ndio mto unaovukwa na nyumbu kila mwaka, katika msafara wa zaidi ya wanyama milioni moja kati ya Serengeti na Maasai Mara. Unaingia Tanzania na kumalizikia ziwani. Mtoto wa Bomet anayechota maji Nyangores anashiriki kikombe kimoja na nyumbu wa Serengeti na mvuvi wa Musoma. Ukisikia mwalimu akisema mfumo wa ikolojia hauna ua wala mlango, ndicho anachokisema.

Msitu huo tumeuumiza. Katika miongo michache tu, karibu robo yake ilipotea kwa kugawiwa watu, kukatwa mbao, kuchomwa makaa na kulimwa. Mwaka 2001 pekee serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 kwenye hifadhi. Baadaye zikaja juhudi za kuurudisha, na pamoja nazo familia nyingi kuhamishwa, wengine wakiwa na watoto wa umri wako waliokatizwa masomo. Sitaki ulisahau hilo, kwa sababu mwanadamu naye ni mkazi wa nyumba hii. Wakumbuke pia Waogiek, watu wa asali, waliotundika mizinga Mau tangu enzi za mababu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao zilikiukwa walipofukuzwa, na kwamba si wao wa kulaumiwa kwa kuharibika kwa msitu. Mtu wa asali anajua kwamba bila mti wa maua hakuna nyuki, na bila nyuki hakuna asali. Huyo hakuhitaji kitabu cha sayansi ili alinde alichokuwa akikila.

Kabla sijamaliza, niguse deni moja ambalo liko mikononi mwetu kabisa. Majani mabichi kiwandani hunyaushwa na kukaushwa kwa joto, na joto hilo hutoka sana kwenye kuni. Ndiyo maana tumepanda mikaratusi, ile tunayoiita bluu gamu. Ni mti mwema: hukua haraka na huokoa msitu wa asili usikatwe. Lakini una kiu. Ukiupanda kando ya chemchemi au mtoni, utashindana na jirani zako kwa maji, nao watashindwa. Upande mlimani, mbali na maji. Kingo za mto ziachie miti ya kienyeji, mianzi na nyasi, zishike udongo usiende na mvua. Watafiti waliopima mito inayotoka Mau wamekuta maji yanayopita kwenye vishamba vilivyolimwa wazi yamebeba matope mengi kuliko yale yanayotoka msituni au kwenye chai iliyofunika ardhi. Udongo ule mwekundu unaouona mtoni baada ya mvua ni shamba la mtu linalosafiri.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukua kamba, pima mraba wa mita moja kwa mita moja mahali popote: chini ya chai, ukingoni mwa shamba, au nyuma ya darasa. Piga magoti. Andika kila kiumbe unachokiona, na mbele ya kila jina uandike kinakula nini na kinaliwa na nani. Kisha fanya vivyo hivyo chini ya mti wa kienyeji. Linganisha orodha zako mbili. Jioni mwulize babu au kogo ni miti gani ilisimama hapo palipo na chai leo, na kila mmoja ulitumika kwa nini. Yaandike majina hayo kwa Kikipsigis kabla hayajapotea.

Mzazi wako ana namba yake kituoni. Kila kilo anayoipeleka huandikwa, na bonasi ikija hulingana na maandishi hayo. Hakuna anayekubali kilo zake zisahaulike. Shamba nalo lina kitabu chake. Huandika kila jani tulilochukua, kila mti, kila ndoo ya maji, na hukisoma kwa sauti siku chemchemi inapokauka, siku kichaka kinapotoa majani madogo ya manjano, siku mto unapopita mwekundu. Nawe, mwanafunzi, uko katika umri wa kujifunza kukisoma kitabu hicho wakati bado kuna nafasi ya kulipa. Anza na mita moja ya mraba.

Naona mvua imepungua. Chukua kikapu chako, lakini ukipita kwenye mistari ya chai, yaangalie yale majani makavu yaliyolala chini. Wapo wanaoyafanyia kazi.